Kompyuta Kuwaka Si Ushahidi

Ukitafuta mtandaoni namna ya kutoa diski ya gigabaiti 500 kwenye kompyuta ya nyumbani na kuweka ya terabaiti moja au mbili, utakutana na video ileile katika sura mia. Meza safi, mikono miwili, bisibisi, muziki kwa mbali. Diski ya zamani na mpya zinaunganishwa, programu ya kunakili inafunguliwa, mstari wa kijani unatambaa mpaka asilimia 100. Skrubu nne zinafunguliwa, diski zinabadilishana nafasi, kitufe kinabonyezwa, nembo ya Windows inatokea. Jamaa anasema kazi imeisha. Kisha, na hapa ndipo ninapokwazika, anaunganisha diski ya zamani kwa nje na kuifuta yote "ili uitumie kwa mambo mengine".

Dakika kumi tu. Diski iliyobeba miaka sita ya maisha ya mtu imefutwa, na ushahidi pekee kwamba nakala yake ni nzima ni kwamba kompyuta imewaka.

Mwezi huu nimeangalia miongozo mingi ya aina hii, ya video na ya maandishi, kwa Kiingereza na michache kwa Kiswahili, kwa sababu wenzangu idarani wananiuliza upi ni mzuri. Nimeshindwa kupendekeza hata mmoja bila kuongeza neno "lakini". Makala haya ni hiyo "lakini" yangu, kwa urefu.

Kwanza tuwape haki yao. Upande wa chuma wanaufundisha vizuri. Watakuambia upime unene wa diski ya laptopu, maana ya milimita 9.5 haiingii kwenye nafasi iliyotengenezwa kwa ya milimita 7. Watakuambia kwamba tundu la M.2 linaweza kuwa la SATA au la NVMe na kwa macho yanakaribia kufanana, kwa hiyo soma maelezo ya kompyuta yako kabla hujatoa hela. Watakuambia uguse chuma kwanza ili umeme tuli wa mwilini usije ukaunguza saketi. Asanteni sana. Lakini hiyo ni kazi ya dakika ishirini na karibu kila mtu anaiweza. Ukibadilisha feni, unatoa mbovu unaweka nzima, hakuna kumbukumbu ndani ya feni. Diski ni kitu pekee ndani ya kompyuta ambacho duka haliwezi kukuuzia tena, kwa sababu kilicho na thamani pale si diski, ni kilichoandikwa juu yake.

Sasa tufikiri kama tunavyojaribu kufikiri maabara. Dai la mwongozo ni hili: kila kilichokuwa kwenye diski ya zamani kiko kwenye mpya, bila kasoro. Jaribio lake ni: bonyeza kitufe uone kama inawaka. Je, jaribio hilo linaweza kufeli pale ambapo dai si kweli? Mara nyingi haliwezi. Kompyuta inapowaka inasoma faili za mfumo endeshi na programu chache zinazojianzisha zenyewe. Haisomi picha za harusi ya dada yako za 2017. Haifungui folda ya data zako za uwandani. Yaani sehemu kubwa ya faili zako zinaweza kuwa takataka, na Windows bado ikakukaribisha kwa jina.

Na si jambo la kufikirika tu. Diski ya kuzunguka inapozeeka, baadhi ya sekta zake hugoma kusomeka. Sekta ni kipande kidogo sana: baiti 512 kwenye diski za zamani, baiti 4,096 kwa ndani kwenye nyingi zilizotengenezwa tangu 2011. Programu ya kunakili ikifika kwenye sekta iliyokufa ina maamuzi mawili, isimame au iruke. Zile zinazoruka hujaza sifuri pale, huendelea na safari, na huandika mstari mmoja kwenye ripoti ambayo karibu hakuna anayeisoma. Madhara yanategemea bahati. Sekta ikiwa ndani ya picha ya JPEG, picha inafunguka vizuri kuanzia juu, halafu kuanzia kifuani kwa bibi harusi kwenda chini ni kijivu kitupu. Faili ya kisasa ya Excel ndani yake ni zipu, kwa hiyo pengo moja linaweza kuifanya igome kabisa. Filamu itaruka kidogo na hutajua. Hakuna hata moja kati ya haya unaloliona siku ya kuhamisha. Unaliona miezi minane baadaye, siku unayoihitaji ile faili, na diski ya zamani ilishafutwa zamani.

Miongozo iliyo bora kidogo inajua kwamba kuna hatari hii. Inakuambia kabla ya kuanza uangalie afya ya diski kupitia SMART, yaani takwimu ambazo diski inajiwekea yenyewe: sekta ngapi zimehamishwa, ngapi zinasubiri kuamuliwa, na kadhalika. Ukiona imeandikwa "nzuri", songa mbele. Hapa ningependa waandishi wake wangesoma utafiti mmoja tu. Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao. Diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya zile zisizo na kosa kama hilo. Hiyo ni kengele ya kweli. Ila wakageuza swali: kati ya diski zilizokufa, ngapi zilikuwa zimetoa dalili? Zaidi ya asilimia 56 hazikuwa na hata hesabu moja kwenye vile vipimo vinne vikali vya SMART. Zilikufa zikiwa "nzuri". Kwa hiyo SMART ikilalamika, iamini. Ikinyamaza, hujaambiwa chochote, na mwongozo unaosema "songa mbele" unausoma ukimya kama jibu.

Kuna namna nyingine ambayo kompyuta inaweza kuwaka na kukudanganya, na hii inanichekesha ingawa haichekeshi. Ukinakili diski nzima neno kwa neno, unanakili pia kitambulisho chake. Sasa zimekuwa pacha. Windows ikiona diski mbili zenye saini moja, huizima moja. Kwenye Linux, ambako mfumo hutafuta diski yake kwa kitambulisho hicho, ukiziacha zote mbili zimechomekwa mfumo unaweza kushika yoyote. Unawasha, inawaka, unapiga makofi, kumbe imewaka kutoka diski ya zamani. Unafanya kazi wiki nzima ukidhani uko kwenye mpya. Tiba yake ni sekunde thelathini: chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Miongozo mingi ya kompyuta za mezani haisemi hivyo, kwa sababu ndani ya kasha kubwa nafasi ya diski mbili ipo, basi wanaziacha tu.

Halafu kuna diski za uongo. Hili la kwetu zaidi, ingawa si letu peke yetu, maana masoko makubwa ya mtandaoni yamejaa pia. Ukipita madukani utaona diski ya nje, nyepesi kama kiberiti, imeandikwa terabaiti 16, na bei yake haifiki hata ya terabaiti moja halali. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu, na programu yake ya ndani imechakachuliwa ijitangaze kuwa kubwa. Unanakili. Mstari wa kijani unafika mwisho. Unafungua, majina ya faili yote yapo, ukubwa upo, tarehe zipo. Kilichopita uwezo halisi wa kadi kimetupwa, au kimeandikwa juu ya kilichotangulia. Orodha ya faili ni kama daftari la mahudhurio: inakuambia nani aliandikwa, haikuambii nani yupo darasani. Kwa kazi hii kuna programu ya bure iitwayo F3, ya Michel Machado, ambayo inajaza diski kwa data inayoijua kisha inaisoma tena yote kuona kama imerudi ilivyokuwa. Inachukua saa nyingi. Sijui njia ya mkato ninayoweza kukushauri uiamini kama hiyo.

Unaona mfanano wa mambo haya? Kila mara kuna kitu kinasema "tayari": mstari wa kijani, nembo ya Windows, neno "nzuri", orodha ya majina. Na kila mara kinachosemwa ni kweli, ila si jibu la swali tuliloliuliza.

Kuhusu huo ukubwa wenyewe, ambao ndio sababu ya shughuli nzima, miongozo ina kosa moja la kisayansi linalorudiwa mpaka limekuwa kama methali. Unafunga diski ya terabaiti moja, Windows inakuonyesha gigabaiti 931, na mwandishi anakuambia zilizobaki "zimeliwa na kufomati". Hapana jamani. Kufomati kunakula kidogo sana. Mtengenezaji anahesabu kwa kumi: terabaiti moja ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawa idadi hiyohiyo kwa 1,073,741,824, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 30, inapata 931, halafu inaandika pembeni "GB" badala ya GiB, jina ambalo limekuwepo tangu 1998 kwa ajili ya kutenganisha hesabu hizi mbili. Baiti zako zote zipo. Apple walihamia hesabu ya kumi mwaka 2009, kwa hiyo diski hiyohiyo ukiichomeka kwenye Mac "inaongezeka". Ningelipuuza kosa hili, ila mtu akishaamini kwamba kupotea kwa gigabaiti 69 ni kawaida ya diski, ataamini vingine pia.

Kikwazo cha kweli cha ukubwa kiko kwingine. Kompyuta za zamani hupanga diski kwa jedwali liitwalo MBR, la mwaka 1983, ambalo huandika namba ya sekta kwa biti 32. Fanya hesabu: 2 kwa kipeo cha 32, mara baiti 512, ni baiti trilioni 2.2 hivi. Ukinakili diski yenye jedwali hilo kwenda diski ya terabaiti 4, utalipia nne utumie mbili na kitu. Jedwali jipya, GPT, halina ukuta huo, na Windows 10 tangu 2017 ina chombo chake cha kugeuza kutoka la zamani kwenda jipya. Hata chini ya ukuta huo kuna mtego mdogo unaowasumbua watu wengi zaidi: baada ya kunakili, C inabaki na ukubwa uleule wa zamani, na nafasi mpya yote imerundikana mwishoni mwa diski, nyuma ya kipande kidogo cha kurekebishia Windows. Chombo cha Windows chenyewe kinagoma kuipanua C kwa sababu kinataka nafasi iliyo jirani, na kile kipande kimekaa katikati kama mpangaji asiyetaka kuhama. Clonezilla inaweza kupanua vipande vyote kwa uwiano wakati wa kunakili, kwa chaguo la -k1. Kwa miaka mingi chaguo hilo lilikuwa upande wa wataalamu. Hiyo ndiyo lawama yangu kwa Clonezilla: ni programu ya bure, imara, inakuuliza mara mbili kabla ya kufuta, lakini jambo ambalo mnunuzi wa diski kubwa analihitaji kuliko yote ililificha chumba cha nyuma kwa muda mrefu.

Kuna pia suala la diski kubwa ya bei nafuu inayozunguka. Baadhi hupata ukubwa wao kwa kupanga njia za data zikilaliana, kama makuti ya paa. Kuezeka kwa mara ya kwanza ni rahisi, unaanza chini unapanda. Kubadilisha kuti moja la katikati maana yake ni kuinua na kupanga upya yaliyolilalia. Mtindo huo unaitwa SMR, na mwaka 2020 iligundulika kwamba Western Digital walikuwa wameuweka kwenye baadhi ya diski zao za Red bila kuandika kwenye maelezo. Seagate na Toshiba nao wakakiri kuwa na modeli zao zisizotajwa. Baada ya kelele za wateja, orodha zilichapishwa, zisome kabla ya kununua. Kwa kutunza picha SMR si mbaya. Kwa diski ya mfumo endeshi, ambayo inaandikwa vipande vidogo vidogo kutwa nzima, itakuchosha. Mimi ningeenda SSD, hata ndogo zaidi: diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika husubiri wastani wa zaidi ya milisekunde 4 ili data ifike tu chini ya kichwa chake, na SSD haina kitu cha kuzungusha.

Sasa mwongozo ninaoutaka ungekuwaje? Ungeanza kwa kusema muda. Gigabaiti 500 kupitia kebo ya USB 2.0, kwa mwendo wa megabaiti 35 kwa sekunde, ni kama saa nne. Kwa mtu wa Dar asiye na betri ya akiba, saa nne ni muda wa kutosha umeme kukatika. Kunakili kukikatika unaanza upya tu, chanzo hakijaguswa. Ila kuna miongozo inayoshauri "kata" kisha "bandika" kwa folda za nyumbani, na hiyo ni habari nyingine kabisa, kwa sababu unafuta ukiwa bado unaenda. Usikate kamwe. Nakili. Na kama diski ya zamani imeanza kutoa mlio au kusitasita, achana na programu za mstari wa kijani, tumia GNU ddrescue: inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, inarudi baadaye kwenye ngumu, na inaweka ramani ya ilikofika, hivyo hata umeme ukikatika inaendelea ilipoachia.

Ungetaja pia kwamba laptopu nyingi za Windows 11 zimefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, kwa hiyo andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi kabla hujagusa bisibisi. Mstari mmoja tu. Nimeuona mara chache mno.

Kisha ungefika pale ambapo hawa wengine wanamalizia, na ungeanza kazi. Kulinganisha. Si diski nzima kwa diski nzima, maana ukishapanua vipande hazifanani tena, na Windows ikishawaka mara moja tu imeshabadilisha mamia ya faili zake. Unalinganisha folda zako: picha, nyaraka, data. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, chomeka diski zote mbili, zifungue kwa kusoma tu, halafu amri ya rsync -rnci kutoka folda ya zamani kwenda mpya. Haiandiki chochote. Inasoma kila faili pande zote mbili, inalinganisha, inakutajia zinazotofautiana, na faili ya zamani isiyosomeka itapiga kelele hapohapo. Faili za gigabaiti 400 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni zaidi kidogo ya saa moja. Orodha ikiwa tupu, sasa una ushahidi. Hata hivyo iweke diski ya zamani kabatini mwezi mzima bila kuigusa. Si kwa sababu sina imani na rsync, ni kwa sababu hukumbuki folda zako zote ulizificha wapi.

Limebaki lile la kuifuta ya zamani, na hapa kuna kichekesho cha mwisho: miongozo inafuta mapema mno, halafu inafuta kidogo mno. Kufomati kwa haraka kunaondoa orodha tu, data inabaki. Kati ya 2000 na 2002 wanafunzi wawili wa uzamivu wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 za mitumba. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12. Kwenye zilizobaki walikuta, pamoja na barua na taarifa za wagonjwa, namba zaidi ya 5,000 za kadi za benki. Kwa hiyo mwezi ukiisha na ukaamua kuiuza au kumpa mdogo wako, iandike sifuri mwanzo hadi mwisho. Kwa diski ya gigabaiti 500 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, ni saa moja na dakika 23.